Tikiti nililipa bila kuuliza, mchoraji nikamwambia apunguze

Hebu nikuulize kitu kabla hatujafika mbali. Mara ya mwisho ulipolipia tikiti ya shoo, uliomba upunguziwe? Hukuomba. Bango lilisema 1,500, ukatuma 1,500. Na mara ya mwisho ulipomkuta kijana amepanga michoro yake ukutani, au dada ameketi na bangili alizotunga shanga kwa mkono wake, neno lako la kwanza lilikuwa lipi? "Bei ya mwisho ngapi?"

Usione haya, mimi mwenyewe ndiye mfano. Leo nataka kukusimulia Idi yangu iliyopita na jinsi shilingi 3,000 zilivyonitoka mkononi. Sikusimulii unionee huruma. Sikukuu nyingine zaja, na wewe pia utakuwa na 3,000 zako.

Kwanza ujue mimi ni nani. Nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, hapa kisiwani Mombasa. Chuo niliacha mwaka wa pili. Si kwamba nilijiona mjuaji kuliko walimu. Karo ilikwama tu. Mamangu hupika mahamri na mbaazi akauza mlangoni asubuhi. Muhula wangu wa mwisho ulilipwa na chama chake: zamu yake ya kupokea ilipofika, alizichukua zote akanipa. Muhula uliofuata haukuwa na zamu. Nikarudi nyumbani na begi langu, naye hakusema neno. Mpaka leo hajasema.

Sasa napiga picha na video fupi za maduka kwa simu. Huyu ananipa mia tano, yule elfu, mwingine ananipa "shukran" na kipande cha haluwa. Kumi la mwisho la Ramadhani lilipoingia nilikuwa nimekusanya 3,000. Wajua huku kwetu mkono wa Idi hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Miaka yote umetoka kwa Mama ukaja kwangu. Mwaka ule nilitaka utoke kwangu uende kwake. Hesabu ilikuwa rahisi: doti nzuri ya leso kwa ajili yake, shati langu la Idi, na chenji ya kula raha.

Halafu nikaona bango.

Shoo ambayo haikuwepo

Bango lilikuja kwenye simu usiku, baada ya tarawehe. Shoo kubwa, Idi pili, wasanii wa Nairobi na Dar, uwanja mmoja ng'ambo ya daraja la Nyali. Tikiti za mapema 1,500, mlangoni 2,500, na chini kwa herufi nyekundu: ZIMEBAKI CHACHE. Sikuuliza waandaaji ni kina nani. Sikumwuliza hata rafiki. Nikatuma 1,500 kwa simu, nikapata ujumbe wenye nambari ya tikiti, nikalala nikitabasamu.

Siku mbili baadaye ule ukurasa haukuwepo tena. Nambari ya simu ikawa haipatikani. Nikapanda matatu hadi pale uwanjani nikamwuliza askari wa langoni. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia ya hospitali. "Kijana," akasema, "hapa Idi pili kuna harusi."

Nusu ya pesa zangu ikawa imeliwa na watu ambao hata sura zao sizijui. Nikajipa somo, na wewe nakupa bila malipo.

Moja, ukiona bango la shoo, pigia simu ukumbi wenyewe, usipige ile nambari iliyo kwenye bango. Ukumbi wenye shoo wajua una shoo. Mbili, tazama kurasa za wasanii wenyewe. Msanii anayekuja Mombasa hawezi kunyamaza. Atawatangazia mashabiki wake mwezi mzima. Tatu, unapotuma pesa kwa simu lisome jina la anayepokea. Kampuni ya kuandaa shoo ikitokea na jina la mtu binafsi usiyemjua, simamisha. Nne, "zimebaki chache" ni maneno ya kukukimbiza ili usipate nafasi ya kufikiri. Na ikishatokea, usikae ukiona haya kama mimi. Hifadhi ujumbe, ipigie kampuni yako ya simu papo hapo uombe pesa zizuiwe, kisha uende polisi. Mimi nilikaa siku mbili nikijiambia labda mtandao unasumbua. Nilipopiga, pesa zilikuwa zimeshatolewa.

Shati la watu wengine

Nauli ya kwenda na kurudi ilinitoa shilingi mia. Nikabaki na 1,400. Kwa kuwa nilikuwa tayari ng'ambo, nikateremka Kongowea nitafute shati.

Kama hujawahi kununua mitumba Kongowea, fuata ushauri wangu: nenda mapema, siku ya kufunguliwa mzigo, vaa nguo nyepesi ili ujaribie hapo hapo, na geuza nguo ndani nje, uangalie makwapa na mishono kabla ya rangi. Mama huziita nguo hizi kwa jina lake la zamani, "kafa ulaya". Atakuuliza kwa sauti ya huruma, "Na aliyekuwa na hii alikufa kwa nini?"

Nililopata mimi ni fulana nyeusi, nzito, haijapauka. Kifuani jina la bendi nisiyoijua. Mgongoni orodha ndefu ya miji na tarehe: London, Paris, Chicago, na mingine hata kuitamka siwezi. Ilikuwa fulana ya ziara ya muziki. Yaani kuna mtu huko, miaka iliyopita, aliyelipa tikiti, akaingia ukumbini kweli, akaimba mpaka koo likauma, kisha akapanga foleni akanunua fulana ya kumbukumbu. Akaivaa, akaichoka, akaitoa. Ikafungwa na nguo nyingine, ikavuka bahari, ikaingia bandari ya Kilindini, ikalala Kongowea ikanisubiri. Shilingi 150.

Niliisoma ile orodha yote kutoka juu hadi chini. Mombasa haimo. Nikacheka peke yangu mpaka mwuzaji akaniuliza kulikoni. Mimi nimelipa tikiti ya shoo isiyokuwepo, kisha nikanunua fulana ya shoo ambayo sikwenda. Nikabaki na 1,250.

Enzi za kutunza

Usiku ule nilimkuta mzee mmoja jirani yetu kwenye kijiwe cha kahawa, nikamhadithia kisa cha bango. Hakunicheka. Alisema zamani zao mwimbaji alikuwa mbele yako, na pesa ilikuwa mkononi mwako, hakuna mtu katikati.

Alikuwa akizungumzia taarabu. Kama umri wako ni kama wangu, pengine waijua kwa video za harusi za shangazi zako tu. Lakini mji huu ulikuwa makao ya mabingwa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, alikuwa akiishi hapa Mombasa na udi wake. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alikuwa fundi wa kuimba mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Zuhura Swaleh na Malika wakawa sauti za kina mama. Na hapa Mji wa Kale kulikuwa na duka la Mbwana Radio, lililorekodi na kuuza kanda za taarabu wakati wewe na mimi hatujazaliwa.

Sasa sikiliza malipo yalivyokuwa. Mwenye harusi hukubaliana na kikundi bei yake. Lakini juu ya hiyo kuna kutunza. Mwimbaji anaimba, ubeti mmoja unakugusa, labda umekosana na mwenzako, labda umekumbuka marehemu. Unainuka kitini, unatembea polepole mbele ya watu wote, unampa noti mkononi. Kila mtu anaona umeguswa wapi. Wengine wanaanza kujiuliza unamlenga nani. Ukumbi mzima unapata stori ya wiki nzima.

Ukifikiri vizuri, tikiti na kutunza ni vitu viwili tofauti kabisa. Tikiti unalipia kabla hujasikia chochote. Tunzo unatoa baada ya kusikia, na anayeipokea ni yule yule aliyekugusa. Sisi wa siku hizi tumebaki na nini? Kidole. Mchoro ukikupendeza unabonyeza moyo mwekundu, unapita. Mchoraji hawezi kwenda na moyo mwekundu Marikiti akapimiwa mchele.

Leso na jina lake

Siku iliyofuata, baada ya futari, nikaenda Biashara Street kwa ajili ya Mama. Kumi la mwisho ile barabara hailali. Taa, kelele, watoto wamebebwa mgongoni, kina mama wameshika pembe za leso wakizitandaza hewani kama tanga.

Nitakueleza leso kidogo, maana nimegundua wengi wetu twazivaa na hatuzijui. Neno lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vile vitambaa bado havijakatwa, wakaviunganisha vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuchapisha kipande kizima. Leso ina sehemu zake: pindo ni ule mpaka unaozunguka, mji ni katikati, na jina ni yale maneno. Majina yalianza mwanzoni mwa karne ya 20, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, baadaye hizi tunazosoma sasa. Anayetajwa sana katika habari hiyo ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza hapa Mombasa mwaka 1887, na leso zake zajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla".

Mwuzaji alinitandazia nane hivi. Nzuri zote, lakini majina! Moja yamsema jirani, nyingine yamtisha mke mwenza. Mamangu hana mke mwenza na majirani zake ndio wateja wake. Nikaendelea kufunua mpaka nikafika kwenye moja ya rangi ya bahari na korosho nyeupe, imeandikwa: ULINIBEBA SIKUJUA UZITO.

Nikasimama pale kama nimepigwa msumari. Nikakumbuka zamu ya chama.

Nikauliza bei, akasema 750. Sikubishana. Nafikiri ni mara ya kwanza katika maisha yangu kununua kitu Biashara Street bila kubishana, hata mwuzaji mwenyewe alinitazama kwa wasiwasi. Nikabaki na 500.

Nikiwa njiani kurudi nikawaza jambo moja. Leso ina jina, lakini mtu aliyeichora ile korosho, aliyechagua rangi, aliyetunga maneno matatu yaliyonisimamisha, jina lake halimo. Yuko mahali, na mimi sitamjua.

Mia tano

Basi hapo ndipo nilipokutana na rafiki yangu mchoraji. Huwa anaweka kazi zake pembeni ya njia upande wa Ndia Kuu, wanakopita wageni wakitoka Fort Jesus. Huchora milango ya kuchongwa, roshani za mbao, baraza, paka. Vibao vidogo vya ukubwa wa daftari.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikizitumia picha zake kwenye video zangu. Naweka wimbo, naandika jina lake, basi. Usiku ule nilimwambia kwa furaha kwamba ile video ya mwisho imependwa na watu wengi sana.

"Nimeona," akasema. "Hakuna aliyekuja, yakhe."

Alikuwa na kibao kimoja kipya: baraza la mawe, mlango wa bluu uliochunika rangi, na paka amelala hana habari na dunia. Nikauliza bei. Mia tano. Mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukasema, "Nipe kwa mia mbili, wanijua mimi."

"Nakujua, ndiyo maana nimekwambia mia tano. Mgeni namwambia elfu na mia tano." Akaufuta mkono kwenye suruali. "Ile tikiti ya shoo uliilipa ngapi?"

Kumbe habari ilishafika. Mji wa Kale hauna siri. Sikuwa na jibu. Watu nisiowajua niliwapa 1,500 bila swali. Mtu ambaye nimekula naye sahani moja tangu madrasa namnyang'anya mia tatu.

Hakukasirika. Akaniuliza kama niliwahi kuuangalia vizuri ule ukuta wa michoro ndani ya Fort Jesus. Nimeingia ngomeni mara nyingi, na shule tulikwenda mara mbili. Nilijua yale ya mtihani: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Waingereza wakaifanya gereza, na tangu 1962 ni makumbusho. Ule ukuta nilikuwa nimeupita tu. Ni plasta iliyochorwa na askari wa Kireno, kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Vijana waliokuwa mbali na kwao, wako zamu, hawana la kufanya. Wakachora walivyovikumbuka na walivyoviona baharini. Zimepita karne nne na michoro ipo. Majina yao hayapo.

"Mimi nimeweka langu pale chini," akaniambia, akinionyesha kona ya kibao. Herufi mbili ndogo, nyeupe. "Lakini jina haliliwi."

Nikampa mia tano. Nikabaki na sifuri kamili, fulana ya miji ya watu, doti ya leso na paka aliyelala.

Idi yenyewe

Wajua lililobaki. Asubuhi ya Idi nilimpa Mama leso. Akaifungua, akaisoma jina kwa sauti ya chini, midomo ikisogea kama anahesabu. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza swali ambalo kila mama wa Mombasa angeuliza: "Umeinunua bei gani?" Nilipomwambia akasema nimepigwa, yeye angeipata kwa 600. Akaikunja akaitia sandukuni.

Hapo nikamwambia habari ya tikiti. Yote. Nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa mtaa. Hakunikaripia. Alinitazama ile fulana nyeusi, akasoma mgongoni, akauliza kama na hao nao wamekula pesa zangu. Nikasema hapana, hao ni wa kweli, ila hawaji huku. Akaingia ndani, akatoka na noti ya mia mbili iliyokunjwa mara nne, akanitia kiganjani. "Mkono wa Idi," akasema. "Toka mbele yangu."

Kwa hiyo mkono wa Idi ulitoka kwake tena. Nilikwenda nao Makadara nikala viazi karai na mabuyu, nikatembea kwa miguu hadi Mama Ngina, nikakaa chini ya mbuyu nikitazama meli zikiingia Kilindini. Kule hakuna kiingilio, na upepo ni wa bure. Nilimaliza siku nikiwa na chenji.

Mambo mawili nataka uondoke nayo. La kwanza, raha ya sikukuu katika mji huu haihitaji bango. Ufuo upo, ngome ipo, feri ya Likoni kwa anayekwenda kwa miguu hailipiwi, na Mji wa Kale ukitembea bila haraka ni maonyesho tosha. Kwa hiyo hutakosa sikukuu kwa sababu hukuipata tikiti.

La pili, kabla ya sikukuu ijayo, tenga tunzo. Iwe mia, iwe mia tano, kadiri ya mfuko wako. Itoe kwenye zile pesa ambazo ungezipoteza hata hivyo. Mtafute mtu mmoja wa mtaani kwako anayetengeneza kitu kwa mkono au kwa koo lake, kile ambacho hukitazama na kukipenda ukapita, umpe mkononi, mbele ya watu. Na sisi wa video tulipie tunachokitumia. Mimi sasa kila duka likinilipa kwa video yenye mchoro wa mwenzangu, tunagawana. Si nyingi. Juzi zilikuwa mia mbili na hamsini kila mmoja.

Leso haikukaa sana sandukuni. Wiki ya pili baada ya Idi niliamka na harufu ya mahamri, nikamkuta Mama mlangoni na karai lake. Ameifunga kiunoni, jina limekaa nyuma, wateja wote waliopanga foleni walisoma. Paka wetu wa kibao yuko ukutani juu ya redio.

Nambari ya tikiti bado iko kwenye simu yangu, sikuifuta. Sikukuu njema, na ukipita Ndia Kuu ukamwona kijana na vibao vyake, usianze na "bei ya mwisho". Mwulize kwanza jina lake.